Mguu wa Kushoto wa Arus

Punda milia hutembea juu ya kidole kimoja,
cha kati. Vingine aliviacha zamani,
kabla njia hazijaitwa njia.
Vimebaki viwili, vyembamba kama njiti za kiberiti,
vimejibanza ubavuni mwa mfupa
kama watoto wasiotaka kuulizwa swali na mwalimu.

Mezani nina mifupa miwili.
Huu nilipewa na Rwabutiti, askari wa mbuga kule Mburo,
penye mafunjo na udongo unaomeza kisigino:
mfupi, mnene, na kwato yake pana kama kifuniko cha chungu.
Huu Lomongin aliuokota Kidepo,
katika mchanga wa mto uliokauka tangu Desemba:
mrefu, mwembamba, kwato imebana kama ngumi,
kwani ardhi ngumu haiombwi ruhusa.

Ardhi ni fundi asiye na haraka.
Hashiki nyundo. Hungoja ukanyage.

Nikapiga simu nyumbani Bukwo.
"Mama, Arus ulimzika wapi?"
Kimya. Nikasikia kuku, na redio ya jirani.
"Nani kakutuma?"
Kwetu punda hazikwi, fisi nao wana haki yao.
Lakini mama alichimba mwenyewe, siku mbili,
nyuma ya migomba,
na kila aliyepita akaambiwa ni shimo la taka.

"Nataka mifupa ya miguu ya mbele. Yote miwili."
"Utairudisha?"
"Nitairudisha."
"Kabla ya kupanda mahindi. Sipandi juu ya shimo tupu."

Miaka kumi na tisa Arus alibeba mahindi
hadi Suam, mpakani, kwa njia ile moja
iliyozungushwa kiunoni mwa mlima kama mkanda.
Kwenda, mlima kulia, bonde kushoto, gunia mgongoni.
Kurudi, mlima umehamia kushoto,
na mgongoni hamna kitu
ila chumvi, sabuni mche mmoja, na nzi.

Nikailaza juu ya gazeti kuukuu.
Nilitarajia pacha.
Bikari ikakataa.
Wa kushoto ulizidi unene kwa milimita mbili na nusu.
Nikapima tena. Nikapima kwa uzi, kama fundi cherehani.
Mbili na nusu. Haifiki punje moja ya mtama,
na humo limo bonde zima,
zimo asubuhi za ukungu na mawe yanayoteleza,
imo ada yangu ya kidato cha tatu,
ile iliyochelewa, na ile iliyolipwa kwa sarafu.

Nikapanda basi hadi kwa mama kumweleza.
Nikasema uzito, nikasema mkazo,
nikasema mfupa ni kitu hai, hujijenga pale unapoonewa.
Alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuinua macho.
"Kwato ya kushoto ndiyo iliyokuwa ikiisha kwanza," akasema.
"Ungeniuliza."

Kisha akainuka kufuata ungo.
Akashika nguzo kwanza.
Akalipa goti la kushoto nafasi ya kufikiri,
ndipo akalikanyagia.
Naye alikuwa akipita njia ileile, na debe lake kichwani,
kamba ya Arus mkononi.
Bikari ilikuwa mfukoni mwangu.
Sikuitoa.

Mvua ilianza Jumanne.
Mifupa tuliirudisha Jumatatu, jioni, kwa jembe lenye mpini uliolegea.
Mimi ningeitia tu shimoni nikafukia.
Mama akapiga magoti, akaigeuza, akaigeuza tena,
akatazama ulipo mpaka, akatazama ulipo mlima.
"Kichwa kielekee Suam," akasema.
"Na huu wa kushoto
uuweke upande wa bonde."